Timu Moja Tu Imechana Mkeka: Somo la Uwezekano kwa Wenye Bumu

Wiki ambayo bumu linaingia, chuo kizima kinachangamka. Foleni ya chipsi inakuwa ndefu, madeni ya dukani kwa Mangi yanalipwa, na kwenye vimbweta utakuta watu watatu wameinamia simu moja wanapanga mkeka. Wiki tatu baadaye foleni ya chipsi imeisha, na maneno unayoyasikia kila kona ya hosteli ni haya: "Mwanangu, timu moja tu imenichania."

Kama kubeti ni halali au haramu, hilo nawaachia mashehe na wachungaji. Mimi nasomea ualimu, na somo langu la kufundishia ni hisabati. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hayo maneno "timu moja tu" yana hesabu ndani yake, na ukiijua hesabu hiyo utaona kitu ambacho wengi hatukioni. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne. Chukua kalamu, twende taratibu.

Uwezekano ni nini

Uwezekano wa tukio ni namba kati ya 0 na 1. Sifuri maana yake halitokei kabisa, moja maana yake lazima litokee. Ukirusha sarafu unapata kichwa au mwenge, na kila upande una uwezekano wa 1/2. Ukirusha dadu yenye pande sita, kila namba ina uwezekano wa 1/6.

Angalia hapa wengi wanapoteleza. 1/6 haisemi kwamba ukirusha dadu mara sita utaiona sita mara moja. Unaweza usiione kabisa, unaweza ukaiona mara tatu. Inachosema ni kwamba ukirusha mara nyingi sana, tuseme 6,000, sita itatokea karibu mara 1,000. Uwezekano unaahidi kuhusu safari ndefu. Kuhusu mrusho wa leo jioni haujaahidi chochote.

Tutahitaji kanuni mbili tu.

Ya kwanza: uwezekano wa jambo kutotokea ni 1 kutoa uwezekano wa kutokea. Kukosa sita ni 1 − 1/6, yaani 5/6.

Ya pili: kama matukio hayaathiriani, yaani ni matukio huru, uwezekano wa yote kutokea kwa pamoja unaupata kwa kuzidisha. Sarafu mbili zote kutoa kichwa ni 1/2 × 1/2 = 1/4. Sarafu tatu ni 1/8. Kila unapoongeza sharti, namba inazidi kuwa ndogo. Ishike kanuni hii ya pili, maana ndiyo inayobeba makala yote.

Swali la mcheza kamari wa Ufaransa

Hesabu hizi zenyewe zilikulia kwenye meza za kamari. Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu michezo ya kubahatisha. Katika barua hizo Pascal anataja fumbo lililomsumbua bwana mmoja aliyeitwa Chevalier de Méré.

Fumbo ni hili. Ukirusha dadu moja mara 4, kuna faida kubeti kwamba sita itatokea angalau mara moja. Sasa ukirusha dadu mbili kwa pamoja, je, kuna faida kubeti kwamba sita mbili zitatokea pamoja angalau mara moja katika mirusho 24? De Méré aliona lazima iwe sawa tu: dadu moja ina matokeo 6 nawe unarusha mara 4, dadu mbili zina matokeo 36 nawe unarusha mara 24. Uwiano wa 4 kwa 6 ni sawasawa na wa 24 kwa 36. Si ndiyo?

Hapana. Ukitaka kujua uwezekano wa "angalau mara moja", tafuta kwanza uwezekano wa kukosa zote. Kukosa sita mara nne ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6 = 625/1296. Toa kwenye 1 unapata 671/1296, karibu 0.518. Zaidi ya nusu, kwa hiyo ni bet nzuri. Kwa dadu mbili, kukosa katika mrusho mmoja ni 35/36. Zidisha yenyewe kwa yenyewe mara 24 unapata karibu 0.509. Toa kwenye 1, inabaki 0.491. Chini ya nusu, kwa hiyo ukicheza muda mrefu utafilisika polepole.

Tofauti kati ya 0.518 na 0.491 ni ndogo kiasi kwamba macho hayaioni, ila mfuko unaiona. Hilo ni funzo la kwanza: hisia zetu kuhusu bahati zinakubali uwiano unaopendeza, wakati pesa inafuata kuzidisha.

Karata tatu na wastani wa mchezo

Tuje kwetu. Karibu na stendi yoyote kubwa umewahi kumwona jamaa na meza yake ndogo, karata tatu kifudifudi, wapambe wamemzunguka. Anakuambia tafuta kopa. Weka elfu moja, ukipata nakupa elfu moja juu.

Mchukulie kwanza kwamba ni mtu mwaminifu kabisa, hana ujanja wa mikono. Uwezekano wa kupata ni 1/3, wa kukosa ni 2/3. Ukicheza mara 300, utashinda kama mara 100 na kupoteza kama mara 200. Umeingiza 100,000, umetoa 200,000. Umepoteza 100,000 katika michezo 300, sawa na shilingi 333 kila unapoweka elfu moja. Hii 333 tuiite wastani wa mchezo. Unaupata kwa kuzidisha kila malipo na uwezekano wake, kisha kujumlisha yote.

Kwa hiyo yule jamaa hata asipoiba, anakula. Malipo yake hayalingani na hatari unayobeba: uwezekano wa 1/3 ulistahili kulipwa elfu mbili juu, yeye anatoa elfu moja. Ujanja wa mikono ni nyongeza tu ya kuwahi kufunga meza kabla polisi hawajafika.

Swali la kuuliza mbele ya mchezo wowote, basi, ni je, malipo yanalingana na uwezekano? "Naweza kushinda?" halikusaidii kitu, maana jibu lake kila mahali ni ndiyo.

Mkeka unavyofanya kazi

Kampuni ya kubeti yenye leseni haifichi karata. Inakuonyesha odi, zile namba za malipo, na wewe unachagua mwenyewe. Odi ya 2.50 maana yake ukiweka 1,000 na ukapatia, unapewa 2,500. Sasa tuzigeuze odi ziwe uwezekano: gawa 1 kwa odi.

Chukua mechi ya mfano. Mwenyeji kushinda 2.50, sare 3.10, mgeni kushinda 2.70.

1 ÷ 2.50 = 0.400
1 ÷ 3.10 = 0.323
1 ÷ 2.70 = 0.370
Jumla = 1.093

Umeona? Matokeo ya mechi ni hayo matatu tu, kwa hiyo jumla ya uwezekano wake ilitakiwa iwe 1 kamili. Hiyo 0.093 iliyozidi ndiyo posho ya mwenye duka. Gawa 1 kwa 1.093 unapata 0.915. Maana yake, kama posho hiyo imegawanywa sawasawa kwenye odi zote tatu, kila 1,000 inayowekwa kwenye mechi hii inarudi kwa wachezaji kama 915 kwa wastani. Shilingi 85 zinabaki dukani, ashinde nani, afungwe nani. Na hapo hatujagusa kodi ya ushindi.

Utasema shilingi 85 kwenye elfu moja ni kidogo, hata wakala wa pesa za simu anakata. Sawa. Ila nani chuoni anabeti mechi moja? Tunapanga kumi. Na kwenye mkeka odi zinazidishwa, maana yake na lile kato nalo linazidishwa. Mechi mbili: 0.915 × 0.915 = 0.837. Mechi tano: 0.641. Mechi kumi: 0.411.

Rudia kusoma namba ya mwisho. Mkeka wa mechi kumi, kila 1,000 inarudi 411 kwa wastani. Karata tatu ya stendi, ikichezwa kwa uaminifu, inarudisha 667. Mkeka mrefu una wastani mbaya kuliko karata tatu, na bado yule wa stendi tunamwita tapeli.

"Timu moja tu"

Sasa tufike kwenye maneno yale. Tuchukulie umechagua timu kumi za uhakika kabisa, vigogo watupu wanacheza nyumbani, na kila moja ina uwezekano wa kushinda wa 0.75. Uwezekano wa mkeka kubaki mzima ni huu:

Timu 1: 0.75
Timu 3: 0.42
Timu 5: 0.24
Timu 10: 0.056
Timu 15: 0.013

Timu kumi za uhakika, ukiziunganisha, zinakupa ushindi mara 1 katika mikeka 18 hivi. Na odi ya timu ya namna hiyo, baada ya kampuni kukata chake, itakuwa kama 1.22. Zidisha 1.22 mara kumi unapata karibu 7.3. Kwa hiyo weka 1,000 kwa mikeka 18: umetoa 18,000, na kwa wastani umeshinda mara moja, umechukua 7,300. Ndiyo ile 411 tena, imekuja kwa mlango mwingine.

Na hawa wanaokosa timu moja tu, ni wangapi? Timu yoyote kati ya kumi inaweza kuwa hiyo iliyochana, kwa hiyo kuna njia kumi za kukosa moja. Kila njia ina uwezekano wa 0.75 kuzidishwa mara tisa, kisha kuzidishwa na 0.25, sawa na 0.0188. Zidisha kwa 10: 0.188. Karibu asilimia 19.

Linganisha. Mkeka kubaki mzima ni asilimia 5.6. Mkeka kuchanwa na timu moja tu ni asilimia 18.8. Kuchanwa na timu moja kunatokea zaidi ya mara tatu ya kushinda! Kuchanwa na timu mbili ni asilimia 28, hilo ndilo tukio linaloongoza kuliko yote.

Kwa hiyo rafiki yako anaposema "nilikaribia sana, timu moja tu", anaeleza tukio la kawaida kabisa la mchezo huo. Hajakaribia popote. Mtu anayepanga mikeka mitano kwa wiki atachanwa na timu moja karibu mara moja kwa wiki kwa wastani, miaka yote, bila kuwa mtaalamu zaidi wala kuwa na bahati zaidi. Lakini moyo haupigi hesabu hivyo. Moyo unasikia "karibu", na karibu inamwita mtu arudi kesho. Mkeka mrefu ni kiwanda cha "karibu", na hizo "karibu" ndizo zinazowafanya watu wahamishe hela ya stationari, halafu hela ya kula, halafu ada ya hosteli.

Wengine watasema: mimi najua mpira, nafuatilia ligi tano. Sikatai. Lakini walioweka zile odi nao wanafuatilia, na wanachokijua tayari kimo ndani ya odi. Kujua mpira kuliko washkaji wa kimbweta hakutoshi. Unatakiwa uizidi ile odi kwa kiasi kinachofidia lile kato, mechi baada ya mechi, na ukiweka mechi kumi kwenye mkeka mmoja unatakiwa kulifidia mara kumi.

Sarafu haina kumbukumbu

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoona nyeusi imejirudia, wakaanza kumimina pesa kwenye nyekundu, wakiamini sasa ni zamu yake. Kila mzunguko walivyokosa ndivyo walivyoongeza dau. Walipoteza mamilioni.

Kosa lao tunalo hata huku: "Simba na Yanga wametoka sare mara mbili, safari hii lazima mtu afungwe." "Nimepoteza wiki nzima, leo lazima nipate." Ruleti haijui kilichotokea mzunguko uliopita, na sarafu vilevile. Timu ni tofauti kidogo, kwa sababu mshambuliaji akiumia uwezekano unabadilika kweli. Lakini unabadilika kwa sababu ya goti la mshambuliaji. Hakuna kitu kinachoitwa zamu.

Kuna na wajanja wa "kudabo": ukipoteza 1,000 weka 2,000, ukipoteza weka 4,000, mwisho lazima utashinda na kurudisha zote. Tufanye mchezo wa haki kabisa wa sarafu, na una pesa ya kudabo mara sita: 1,000 + 2,000 + 4,000 + 8,000 + 16,000 + 32,000 = 63,000. Uwezekano wa kupoteza zote sita ni 1/64. Kwa hiyo katika raundi 64, utapata faida ya 1,000 mara 63, jumla 63,000. Na mara moja utapoteza 63,000. Umerudi pale pale, na huo ni mchezo usio na kato. Weka kato la duka, umezama. Isitoshe, ile mara moja haisubiri raundi ya 64. Inaweza kuja jumatatu ya kwanza ya bumu.

Muuza mechi za uhakika

Umewahi kuwekwa kwenye kundi la simu ambapo mtu anauza "mechi za uhakika"? Anakutumia utabiri wa bure, unatimia. Wa pili unatimia. Wa tatu, wa nne, yote. Baada ya hapo anaomba 20,000 kwa ajili ya mechi kubwa ya Jumamosi. Utaachaje kumwamini?

Hesabu iko hivi. Anaanza na namba za watu 800. Watu 400 anawaambia mechi itakuwa na magoli zaidi ya mawili, 400 anawaambia hayatazidi mawili. Matokeo yakija, nusu wamepata utabiri sahihi. Waliokosa anaachana nao. Waliobaki 400 anawagawa tena: 200, kisha 100, kisha 50. Baada ya tabiri nne kuna watu 50 ambao kwa macho yao wenyewe wameona mtu akipatia mara nne mfululizo. Wakilipa wote, ana 1,000,000 mfukoni na hajui mpira hata kidogo.

Wewe ukiwa mmoja wa wale 50, ushahidi wako unaonekana mzito, kwa sababu wale 750 huwaoni. Kila unapoonyeshwa picha ya mshindi na hundi kubwa, jiulize wale wengine wako wapi na ni wangapi.

Kuzidisha kule kule, barabarani

Somo hili lisiishie kwenye kubeti. Kuzidisha kunakotuangusha kwenye mkeka kunatufuata pia kwenye hatari ndogo ndogo za kila siku, kwa mwelekeo wa pili.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa kupata ajali ya aina yoyote kwenye safari moja ya bodaboda ni 1 kati ya 2,000. Ni mdogo mno, na ndiyo maana hatuuogopi. Sasa unapanda mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 34 kwa mwaka, miaka mitatu ya shahada. Hizo ni safari 1,020. Uwezekano wa kusalimika safari zote ni 1999/2000 kuzidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 1,020, karibu 0.60. Kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau ajali moja kabla ya kuvaa joho ni kama 0.40. Ni njia ile ile ya fumbo la de Méré.

Kwenye mkeka, uwezekano mkubwa ukizidishwa mara nyingi unakuwa mdogo. Barabarani, hatari ndogo ikirudiwa mara nyingi inakuwa kubwa. Ndiyo maana kofia ngumu inastahili kuvaliwa kila safari, hata ile fupi ya kutoka geti mpaka hosteli. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba kofia hiyo inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Hiyo ndiyo odi nzuri kuliko zote utakazopewa mwaka huu, na dau lake ni kuvumilia jasho dakika kumi.

Na bima ya afya? Hapa mtu makini atanibana: kwa wastani bima nayo inakula, maana isingekula ingefungwa. Kweli. Tuseme unalipa 50,000 kwa mwaka, na uwezekano wa kupata ugonjwa wa kugharimu 1,500,000 ni 0.02. Wastani wa gharama ni 30,000, kwa hiyo umepoteza 20,000 kwa wastani. Lakini 1,500,000 kwa mwanafunzi ni kuahirisha mwaka, na kwa familia nyingi ni kuuza ng'ombe au kiwanja. Bima unatoa kidogo kuzuia pigo usiloweza kulibeba. Kwenye mkeka unatoa kidogo kidogo, kila wiki, kutafuta kitu ambacho hesabu inasema haukipati. Wastani ni kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili ni hiki: likitokea baya, je, nitasimama?

Tena tukumbuke bumu lenyewe ni mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Anayebeti bumu anabeti mshahara wake mwenyewe wa miaka ijayo.

Kwa wenzangu wa ualimu

Mkienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mtakuta mada ya uwezekano inafundishwa kwa mipira myekundu na ya bluu ndani ya mfuko ambao shule haina. Fanyeni hivi: sarafu mbili kwa kila mwanafunzi, hakuna pesa ya dau.

Mwanafunzi anarusha sarafu zote mbili kwa pamoja. Zikitoka mwenge zote mbili, "timu imefungwa". Zikitoka vingine vyovyote, "timu imeshinda". Kufungwa ni 1/4, kushinda ni 3/4, yaani ile 0.75 yetu. Mirusho kumi ni mkeka mmoja. Kabla hawajaanza, kila mmoja aandike anadhani katika darasa la wanafunzi 40 mikeka mingapi itabaki mizima.

Kisha warushe, wahesabu, mchore ubaoni nguzo za waliokosa sifuri, moja, mbili, tatu. Kwa wanafunzi 40 tarajieni mikeka mizima kama 2, na ya "timu moja tu" kama 7 au 8. Haitatoka hivyo kamili, na hilo lenyewe ni somo. Rudieni mara tatu, muunganishe matokeo, muone nguzo zinavyosogea kuelekea kwenye hesabu. Kijana wa kidato cha nne aliyechanwa na sarafu zake mwenyewe mbele ya darasa hatahitaji hotuba kuhusu kubeti.

Mazoezi

1. Mkeka una timu 20, kila moja ina uwezekano wa 0.9. Uwezekano wa mkeka wote kubaki mzima ni ngapi?

2. Mtihani una maswali 10 ya kuchagua, kila swali majibu manne. Mtu anabahatisha yote. Uwezekano wa kupata angalau 5?

3. Kwenye semina mko 23. Uwezekano wa angalau wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa? (Anza na uwezekano wa wote kutofautiana.)

Majibu: la kwanza ni karibu 0.12, pamoja na kwamba kila timu ilikuwa ya asilimia 90. La pili ni karibu 0.08, kwa hiyo soma. La tatu ni karibu 0.51, na kama huamini ulizeni semina yenu wiki hii, mhesabu wenyewe.